Kisa Alichokiacha Mwalimu Hemedi

Usiku ule nililala na hasira, tena nimempa mume wangu mgongo. Bakari ana duka la vitambaa sokoni hapa Korogwe, na mwaka ule alikuwa anagombea udiwani. Wauza mitumba wageni walikuwa wamepanga meza zao mbele ya duka lake, wateja wakahamia kwao, naye akaapa kuwaondoa. Vijana aliowakusanya walikuwa wamelala uani kwetu, marungu yao yameegemezwa kwenye ukuta wa jiko langu. Alfajiri wanywe uji, kisha waende sokoni wakazivunje zile meza. Nilimuuliza Bakari, na wenye meza je? Akasema watakimbia. Basi nikawapikia vijana pilau, nikawapakulia, nikanyamaza.

Mimi si mtu wa ndoto. Nikilala, nimelala. Lakini nilipofumba macho tu nikamwona Mwalimu Hemedi amesimama mlangoni, chaki kaichomeka sikioni kama zamani.

Huyu alitufundisha historia. Kengele ikilia, hata awe katikati ya sentensi, anafunga mdomo. Tutamalizia kesho, atasema, na umlilie usimlilie, haongezi neno. Kisa chake cha mwisho kilikuwa cha mfanyabiashara mmoja wa London, enzi za wafalme, muuza vitambaa aliyetajirika hadi akaingia bungeni. Kengele ilimkuta yule tajiri amesimama dirishani kwake. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tukaambiwa mwalimu amefariki. Nimekua, nimeolewa, nimezaa, sijui kilichompata yule mtu.

"Haya, Mwanahawa," akasema. "Tumalizie."

Nikamfuata nje, na uani si uani tena. Ni mtaa mwembamba wa nyumba za mbao, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, baridi inauma meno. Mwalimu ananieleza taratibu, kama yuko darasani. Vijana wanaojifunza kazi kwa matajiri wa mji huu wanalala kwa matajiri wao na kula kwao, na kila kijana ana rungu lake. Mmoja wao akiita "Marungu!" barabarani, wote wanaacha kazi na kutoka. Hawaulizi kuna nini. Ndiyo desturi yao, na wazee wao walifanya hivyo hivyo.

Tajiri yuko bungeni, mkufu mzito wa dhahabu umelala kifuani, analalamika kuhusu wafumaji wageni waliovuka bahari wakaja kumharibia soko. Papo hapo yuko mezani kwake, na mkewe anawapakulia vijana mchuzi. Tajiri anainama, anamnong'oneza mkubwa wao. Mke amesikia, hasemi kitu. Nikaitazama mikono yake, nikaona bangili zangu.

Kijana akatoka nje, akaita.

Yaa Rabi, mambo niliyoyaona. Wanamiminika kutoka kila mlango. Wanaingia kwa mfumaji wa kwanza, wanaupasua mtambo wake, na alipoukumbatia wakamponda vidole mpaka havitambuliki. Mkewe anaburutwa kwa nywele hadi barabarani. Ndani ya moshi mtoto anaita mama, anaita, halafu kimya. Kwenye mfereji damu inapita pamoja na rangi za nyuzi, siwezi kuzitenganisha. Nilitaka kupiga kelele, sauti haitoki. Nilitaka kumrukia mtu, yeyote yule, lakini mikononi nimeshika upawa.

Na tajiri yuko dirishani, pale pale kengele ilipomwacha. Anatabasamu. Wafumaji wamekwisha, ila vijana hawajatosheka, wanazunguka wakitafuta cha kupiga. Anafungua dirisha, anawaambia basi, rudini ndani. Mmoja anainua uso na hamtambui. Anauona mkufu tu. Wanapanda ngazi, na njia wanaijua, ndimo wanamolala. Wanamshusha kwa mkufu ule ule, kichwa kinagonga kila kipandio, na chini wenzao wanampokea. Nilisikia mifupa ikivunjika. Mpaka leo nikivunja kuni nakumbuka.

Nikamgeukia mwalimu huku nalia. Nikamwambia kama huo ndio mwisho, bora angekaa nao huko huko kaburini. Hakukasirika. Akaichomoa chaki sikioni, akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole.

"Huo ni mwisho wake yeye," akasema. "Vijana wako bado wamelala. Wamekula mkononi mwako, Mwanahawa, kwa hiyo..."

Kengele ikalia, naye akafunga mdomo.

Kumbe ni simu ya Bakari, kaitegesha imwamshe. Nikaizima kabla hajageuka. Kiganja changu kilikuwa kimekunjwa mpaka kucha zimeacha alama, na ndani hamna kitu. Nikatoka uani kimya kimya. Vijana wanakoroma, wengine wamekumbatiana kwa baridi, na usingizini walikuwa watoto wa watu kabisa. Nikayachukua marungu, nikayasukuma yote kwenye mafiga, nikabandika sufuria la uji juu yake. Yalikuwa miti mikavu, yakawaka vizuri.

Bakari alitoka ametoa macho. Aliutazama moto, akanitazama, akauliza kwa sauti ya chini nani kanituma. Nikamwambia mwalimu wangu. Nikamwelekeza kigoda kwa upawa, na sijui aliona nini usoni pangu, maana alikaa. Kisha nikamsimulia ule mwisho, na mkufu, na ngazi.

Vijana walipoamka waliangalia ukutani, hamna kitu. Wakaangalia jikoni. Nikaanza kuwapakulia, na kila niliyempa bakuli sikuliachia mpaka ameniangalia machoni.

"Kunywa, baba," nikamwambia kila mmoja. "Ukimaliza, nenda kwa mama yako."

Walikunywa, wakaenda. Bakari alibaki pale kwenye kigoda, kaikamata shingo yake kwa mikono miwili, mpaka sokoni tukasikia wageni wanaanza kupanga meza zao.