Kuku wa Shangazi Kwenye Deli la Sampuli

Hili jambo nimelinyamazia muda mrefu, na hata sasa ninapolisimulia naona aibu, kwa hiyo mkicheka, chekeni taratibu.

Kazi yangu mnaijua, au mnajifanya mnaijua: nilianza maabara nikichunguza magonjwa kwenye vinasaba, nikaongeza sheria, sasa nasaidia kuandika taratibu za afya, na mwongozo wa kulinda sampuli za wagonjwa niliuandika mimi. Siku hiyo nilitoka Singida mjini kwenda Dodoma, na njiani nilitakiwa kuzungumza na madiwani wa Manyoni kuhusu mwongozo huohuo. Kwenye deli la barafu nilibeba kichupa chenye kinyama kilichokatwa kwenye titi la Mama Naomi, mkulima wa Iramba, kikapimwe ijulikane dawa ipi itamfaa. Wakati naondoka wodini alinishika mkono. "Daktari, usinipotezee. Kukatwa mara ya pili siwezi."

Nilipofika Ihanja nikaona nipite kwa shangazi nimpe shikamoo tu. Jua lilikuwa kali, nikaogopa kuliacha deli garini, nikaliingiza sebuleni (hapo ndipo nilipojichimbia kaburi), nikaenda uani kula ugali wa uwele na mlenda, huku shangazi akiingia na kutoka. Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu, na mgeni aliyesoma ndiyo kabisa. Nilipolibeba deli niliona limekuwa zito, nikadhani ni shibe.

Manyoni ukumbi umejaa. Nikatangaza kwa sauti ya mahakamani kwamba sampuli ya mgonjwa haiguswi na mtu asiye na idhini, na ili waone inavyotunzwa nikafungua deli, nikaingiza mkono, nikatoa kuku. Kanyonyolewa vizuri, miguu juu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na diwani mmoja mzee aliyekaa mbele akaniuliza kwa upole kabisa, "Daktari, na huyu alitoa idhini?"

Wao wanacheka, mimi sisikii kitu, nachakura barafu kwa mikono yote miwili. Kichupa hakipo. Nikampigia shangazi, simu inaita tu (simu yake hulala kabatini, anasema isichakae), nikamwacha kuku mezani, nikawasha gari kurudi Ihanja, naomba Mungu njia nzima.

Shangazi alinipokea akitabasamu. Akaniambia kuku alikosa nafasi, ndiyo maana akapunguza vitu. "Kile kichupa nimekiweka dirishani, mwanangu, kisipotee."

Kweli kilikuwa dirishani, kwenye jua. Nilipokishika kilikuwa cha moto, kinyama kimeharibika, hakuna cha kupima. Nikakaa sakafuni nikalia, na shangazi, ambaye hakujua amekosea nini, akalia pia. Nimlaumu vipi? Deli halikuwa na kufuli wala maandishi ya onyo, na mwongozo wangu unataka vyote viwili.

Mwongozo huo unataka na kitu kingine: aliyeharibu sampuli amwambie mgonjwa mwenyewe, uso kwa uso. Kifungu hicho nilikiandika ofisini nikinywa chai, nikifikiria watu wengine. Kesho yake nilisimama mbele ya kitanda cha Mama Naomi, nikamweleza yote, hata kuku. Hakucheka.

"Basi utakuja ukae na mimi," akasema, "wakiwa wananikata."

Nilikaa. Aliubana mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi, na alipoguna mimi ndiye niliyefumba macho. Kichupa cha pili nilikipeleka Dodoma deli likiwa na kufuli, na Ihanja nilimwona shangazi amesimama kando ya barabara, ananipungia mkono, kashika kuku mwingine. Sikusimama. Alininunia sana, lakini nimeapa, nikiwa na deli garini, hata shikamoo nitaitoa kwa simu, kama simu yake ataitoa kabatini.