Kobe na Kiti cha Dereva

Pale uwanja wa kuoshea magari, nyuma ya kituo cha mafuta, walimwita Kobe. Hakukasirika, hata kuitikia jina hilo alichelewa. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa akisugua magari ya watu wasiojua jina lake halisi. Gari la kawaida alilimaliza nusu siku. Gari la kifahari, siku mbili, na ukimbishia anaongeza ya tatu. Mkewe, fundi cherehani asiyemung'unya maneno, alisema mume wake angekuwa mkunga watoto wangezaliwa na ndevu.

Kisha akaletwa Meneja. Huyu alikuwa mpwa wa mwenye uwanja, kijana wa tai nyembamba aliyesomea usimamizi mpaka akakosa cha kusimamia, ndipo mjomba akamtafutia watu. Wiki ya kwanza alijinunulia kiti kinachozunguka. Wiki ya pili alitangaza kwamba gari lolote, liwe la muuza mitumba au la balozi, lisizidi masaa matatu. Aliitoa wapi hesabu hiyo, hakuna ajuaye. Gari hakuwahi kuosha, na lake mwenyewe liliwekwa mikononi mwa Kobe kila Ijumaa.

Si kwamba masaa matatu hayawezekani. Unapaka mafuta ya kuziba mikwaruzo, mteja anajiona meno mlangoni, anaondoka anachekelea. Mvua ya kwanza ikinyesha, mikwaruzo yote inarudi nyumbani kwao. Kobe alimweleza Meneja jambo hili kwa upole. Meneja akajibu kwamba mvua si idara yake.

Mara ya kwanza Kobe alipopitiliza muda, alionywa kwa mdomo. Ya pili, kwa barua yenye mhuri. Ikifika ya tatu, aliambiwa, achukue sifongo yake aende nayo. Nyumbani kulikuwa na binti wa mwaka wa mwisho chuoni na cherehani moja ya kuwabeba wote. Kobe hakutaka kufika huko na sifongo.

Jumatatu likaingia gari jeusi, refu kama hotuba ya mgeni rasmi. Aliyeliendesha alikuwa shemeji mtu. Mwenye gari, mjane wa miezi minne, alikaa pembeni yake. Shemeji ndiye aliyeongea. Alisema marehemu kaka yake alilipenda gari hili kama roho yake, hakuna mwingine aliyeshika usukani alipokuwa hai. Mjane alisema neno moja tu, "Lisafisheni," wakaondoka.

Kobe akavaa mfuko wa plastiki mkononi, akafumba macho, akapapasa boneti. Ndicho kipimo chake: vidole ndani ya plastiki husikia chembe ambazo jicho haliambiwi. Boneti ilikwaruza kama shavu la mtu asiyenyoa tangu juzi. Siku mbili, hakuna ujanja. Akapanga ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia sifongo ili mchanga uliotoka usirudi tena, akaanza.

Masaa matatu yalipotimia alikuwa bado anahangaika na mlango wa kushoto. Meneja akaja na karatasi yake. Kobe akamwambia hawezi kumkabidhi mtu kazi ya uongo. Wakavutana, mwisho Meneja akakubali kumngoja mteja kesho yake: akilalamika kwa neno moja tu la kucheleweshewa, habari ya Kobe imekwisha.

Jumanne saa nne nje palikuwa pamekwisha, ndani pamebaki kiti cha dereva. Hapo ndipo mkono ulipogoma. Kwenye egemeo la kichwa kulikuwa na doa la mafuta ya nywele, duara kamili. Usukani uling'aa pale viganja viliposhika, na kila kitu kilinuka sigara. Kwa Kobe ule ulikuwa uchafu wa wazi kabisa. Lakini akajiuliza yeye akifa mkewe atabaki na nini, akapata jibu: harufu ya nta ya kung'arishia magari kwenye mashati mawili. Je, kuna dobi ambaye angethubutu kuyafua? Akatandika kitambaa cheupe juu ya kiti kile, akakiacha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimaliza kabla ya kumaliza.

Mjane alifika saa sita, akafungua mlango, akanusa.

"Fundi, hiki mbona hukukigusa?"

Meneja alishaziona dalili njema. Akaomba radhi kwa ucheleweshaji, akaahidi kwamba hili ndilo gari la mwisho la fundi huyu. Kobe naye akajikongoja kueleza: pole kwa msiba, mama, vitu kama hivi vikishaoshwa havirudi, akaona si vizuri.

Mjane akamtazama, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyekikalia kwa muda mrefu.

"Miaka ishirini na sita nimekaa kiti cha pembeni, na leseni ninayo mkobani. Nikiomba ufunguo naambiwa gari si sufuria. Hiyo harufu ndiyo niliyoileta hapa, baba. Itoe. Utahitaji muda gani?"

Katika miaka yote hiyo, mteja hakuwahi kumwuliza yeye. Kobe akasema ngozi ya kiti ioshwe, ikauke polepole, ilishwe mafuta. Kesho jioni.

"Basi kesho jioni," akasema mjane, akamgeukia Meneja. "Na wewe mwanangu, nisipomkuta huyu hapa, gari langu litamfuata aliko. Kwenye kikundi chetu tuko wanawake kumi na wanne, wote tuna magari, na wote tuna midomo."

Meneja akasema masaa matatu yalikuwa makadirio tu.

Jumatano jioni mjane akaketi nyuma ya usukani, akasogeza kiti mbele, akawasha. Kiti kikanguruma, kikarudi nyuma chenyewe mpaka urefu wa miguu ya marehemu, miguu ya mjane ikabaki inaelea. Akakisogeza tena, akazima, akawasha. Kikarudi tena. Uso ukambadilika.

Kobe akainama dirishani. Alikuwa ameosha kila kitu isipokuwa kumbukumbu ya gari. Akamwonyesha kitufe mlangoni: weka kiti unapotaka, kisha ushikilie hapa mpaka kilie.

"Nikubonyezee?"

"Hapana. Nitabonyeza mwenyewe."

Akasogea mbele, akainua kidogo, akashusha, akajaribu breki, akageuza kioo, akaanza upya. Magari matatu yalikuwa foleni nyuma yake. Kobe alimtazama, akiitambua kazi isiyotaka haraka. Hatimaye kidole kikashuka, gari likalia mara moja, naye akatoka getini polepole mno, honi zikimpigia, bila kugeuka.