Coach Atieno Alianza na Kikombe

Atieno wangu ameuawa! Coach wenu ametuacha jana asubuhi, wodini, mkono wake ndani ya wangu.

Hamjambo wote. Ni mimi mamake, Mama Atieno wa samaki, hapa Kibera upande wa Ayany. Simu yake iko na mimi, kwa hivyo msishtuke mkiona page inaongea.

Leo nimeamka nikamkaangia samaki. Kichwa, vile anapenda. Nikaweka kwa sahani, nikaita jina, ndiyo nikakumbuka.

Mimi niliachia shule darasa la sita. Yeye alikuwa coach wa maisha, wa kusaidia watu kubadilika, cheti iko ukutani, na watu wa ofisi kubwa walikuwa wanampigia simu wakilia. Nilizaa mtu, jameni! Wacha niringe, leo mtaniruhusu.

Lakini client aliyempenda kuliko wote hakuwa wa ofisi. Alikuwa mama fua wa Kawangware, anazunguka na beseni akitafuta nguo za kufua. Bwanake ni fundi wa kuchomelea mageti, huko stage ya 46. Jina la huyo mama sisemi.

Siku ya kwanza aliingia kwa chumba cha Atieno pale Kabiro, huko huko Kawangware, jicho moja limefura limejifunga, meno mawili hayako. Na bado akasema, "Coach, mimi kuhama naogopa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha."

Atieno akamwangalia. "Meno mawili limeshakula. Linakubakishia nini, ufizi?"

Huyo mama alicheka mpaka mdomo ukatoa damu. Nilikuwa hapo, nilikuwa nimepeleka omena.

Hakumwambia ahame. Alimwambia, "Hamisha kikombe. Kile chako cha chai, kitoe mezani ukiweke dirishani. Hiyo tu. Halafu uje uniambie."

Alirudi siku ya tatu na vidole vitano vimechorwa shavuni. Bwana alikuwa amekuta kikombe dirishani.

"Umeona, Coach? Si nilikwambia kubadilisha vitu ni kujitafutia makofi?"

"Juzi ulipigwa kikombe kikiwa mezani," Atieno akamjibu. "Ukikaa unapigwa, ukisonga unapigwa. Basi si usonge?"

Huyo mama akaanza kuhama na beseni. Kila asubuhi nguo za watu ziko juu, na chini ameficha kitu kimoja chake. Leo leso, kesho kitambulisho, siku nyingine sufuria ndogo. Anavileta kwangu Kibera. Wiki sita bwana anaona beseni ikienda kazini tu! Hiyo akili ilitoka kwa tumbo hili langu.

Kitu cha mwisho kuletwa kilikuwa kile kikombe.

Sasa mnisikize, kwa sababu sitaki mwambiwe na mtu mwingine.

Mdomo wangu mnaujua. Siku huyo mama alihamia kwangu, nilimpiga picha mlangoni kwangu akinywa chai, nikaweka status: "Client wa mtoto wangu amegraduate! Coach ni Atieno!" Atieno alikuwa ameniambia, "Mathe, hii usiposti." Nikaona ni haya zake tu, nikaposti.

Mtu wa chama chetu akaituma Kawangware. Jumapili kabla kanisa halijatoka, bwana alikuwa amesimama mlangoni kwangu na chuma ya geti.

Alikuja kumuua mkewe. Atieno akaziba mlango kwa mwili wake. "Hapa hupiti."

Chuma ikampata bega. Ikampata kichwa. Ikampata kichwa tena akiwa ameshaanguka. Mimi navunja vichwa vya samaki kila siku ya Mungu, lakini ile sauti, woi, ile sauti.

Nilibeba karai ya mafuta ikichemka nikammwagia huyo bwana kifuani. Akalia kama mbuzi. Sijatubu, pasta atanisubiri. Majirani wakamshukia na mawe na mbao, meno yake nikayakanyaga na hizi sandals. Tairi ya kumchomea ilikuwa imeshaletwa. Ni polisi walimtoa, nusu mzima. Sasa amefungiwa.

Wodini Atieno alifungua macho mara moja. "Mathe, client ako sawa?" Hakuongea tena.

Jana nimerudi, hata viatu sijavua, namkuta huyo client anapanga beseni. Ndugu za bwana wamempigia simu. Akiandika statement kwa polisi, yeye ndiye anafuata. Akirudi aseme Atieno aliteleza akaanguka, yataisha.

"Wacha nirudi, Mama Atieno. Nimekuletea kifo kwa nyumba."

Nilimwinulia mkono. Nasema ukweli, nilitaka kumpiga. Na yeye hakukimbia, hakujikinga. Alifunga tu macho akangoja, kama mtu amezoea.

Mkono ukashuka wenyewe.

"Picha niliposti mimi," nikamwambia. "Si wewe. Keti."

Nikamwekea chai kwa kikombe chake. "Leo hamisha hiki tu."

Alikiangalia, alikiangalia. Akakitoa mezani, akakiweka dirishani, akageuka kuniangalia. Hakuna mtu alimgusa. Alilia mpaka chai ikapoa.

"Nitaandika statement," akasema. "Lakini watakuwa wameningoja kwa gate ya polisi."

Amelala mahali salama. Wapi? Hapana. Hiyo nimejifunza, na Atieno ndiye alinilipia.

Nyathina, mtoto wangu, nilikuringia mpaka nikakumaliza. Nisamehe. Client ako sawa, sasa wewe pumzika, lala bila kugeuka geuka. Kichwa cha samaki bado nimekifunika, nimeshindwa kukila, nimeshindwa kukitupa.

Tunamzika Jumamosi, nyumbani. Lakini kabla ya hiyo kuna kazi yake moja haijaisha. Clients wote wa Coach Atieno, na mama fua wote wa Kibera na Kawangware, njooni kwa meza yangu ya samaki, kila mtu na beseni yake. Tutamweka huyu mama katikati, tutembee naye mpaka ndani kwa polisi. Mwenye kutaka kumpiga ataanza na mabeseni.

Saa tatu asubuhi, msichelewe. Ni Alhamisi.