Kipara cha simbilisi

Kisa hiki alikisimulia kwanza dada yangu, Pasaka iliyopita, lakini maneno yangu aliyaficha.

Mimi, dada na mkwe tulimpeleka simbilisi wa mjukuu wangu duka la dawa za mifugo, Mikumi, kwa kuwa alikuwa amenyonyoka manyoya mbavuni. "Huyu mkwe wangu kammwagia maji ya moto," nilimwambia muuzaji. Mkwe, aliyeshika kikapu, aliinamisha kichwa.

Muuzaji alimpapasa mnyama. "Hana kovu, mama. Kanyonyoka sawasawa pande zote mbili. Kazaa mara ngapi?"

"Mara nne mfululizo," mkwe alijibu taratibu.

"Basi kachoka. Mtengeni na dume."

Nilisema tu, "Twende, jua kali."

Simbilisi alishakufa. Mkwe yu hai, na kila asubuhi huniamkia shikamoo. Marahaba naitikia upesi. Samahani bado sijaisema.