Pa Kulaza Boti

Kwetu Kiamunyi maji ya mfereji huja yanapojisikia. Kwa hiyo baba yangu alipofika nyumbani akivuta boti nyuma ya pikapu, majirani walidhani amesikia tangazo ambalo wao limewapita.

"Mzee, umeonyeshwa nini?" jirani wa ng'ambo ya ua aliuliza. "Tuanze kukusanya wanyama wawili wawili?"

"Wewe umechelewa," baba alimjibu. "Nafasi ya punda imejaa."

Baba alikuwa fundi wa matrekta na mashine za kuvunia ngano upande wa Njoro mpaka alipostaafu. Miaka yote hiyo alitengeneza vitu vinavyotembea kwenye vumbi, na sasa alitaka kitu kimoja tu kinachotembea majini. Boti aliipata kwa hoteli ndogo ya Naivasha iliyofungwa baada ya ziwa kupanda, likaingia bustanini, kisha jikoni. Nilimuuliza kwa nini ananunua boti kwa watu waliofukuzwa na ziwa ili airudishe kwenye ziwa hilohilo. Alisema bei ilikuwa nzuri. Nikasema hilo si jibu. Akaniambia nishike kamba.

Ilikuwa boti nyeupe ya faiba, ya watu sita waliozoeana, juu ya trela yenye magurudumu mawili. Tuliiegesha uani, mahali palepale mama huanika mahindi. Mama aliizunguka mara moja.

"Hiyo kitu inavuja," alisema.

"Haivuji."

"Watu wamefunga hoteli wakaacha boti nzima? Inavuja. Na mahindi yakivunwa nikiipata hapa, namuita yule mtu wa Bahati."

Mtu huyo alikuwa mfugaji wa bata kutoka upande wa Bahati, na alikuwa akitafuta kidimbwi. Alikuwa amekuja tayari kuiangalia, akaipigapiga ubavuni kama anayenunua ng'ombe, akasema bata wake wataipenda sana. Baba hakulala vizuri siku hiyo. Bata walikuwa wamemwingia kichwani.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi. Nyumbani kwetu mtu wa aina hiyo huitwa "msomi" kila inapotokea kazi isiyolipwa. "Msomi," baba alisema, "twende Naivasha tutafute pa kulaza boti."

Kuiacha majini hakukuwezekana. Aliyemuuzia alimweleza kwamba boti ikiachwa majini bila mtu, viboko huigeuza mahali pa kujikuna. Ilale nchi kavu, juu ya trela, pua ikiwa imeinuliwa na kizibo kimetolewa, ili mvua ikiingia itoke kwa tundu la nyuma. Hicho kizibo cha shaba baba alikiweka katika mfuko wa koti lake la kanisani, kwa sababu ndiyo nguo pekee ambayo hakuna mtu nyumbani anayeiazima.

Yadi ya kwanza ilikuwa ufukweni kabisa. Mwenyewe, kijana mwenye miwani ya jua, alitupokea kama tumeshalipa.

"Karibu, boss. Hapa ni kusukuma tu, uko ndani ya ziwa."

Nilitazama ua wake. Nguzo za mwisho zilikuwa zimesimama majini, na nyuma yazo miti ya migunga imekauka ikiwa imezama nusu.

"Hizo nguzo ulizipanda majini?" nilimuuliza.

"Zi, nilizipanda kwa kavu, maji ndiyo yalikuja. Lakini yamefika mwisho."

"Nani ameyaambia?"

"Mzee," alimgeukia baba, "huyu wako ni wakili?"

"Hana kazi," baba alisema, kwa namna iliyofunga mjadala. Lakini macho yake yalikuwa kwenye maji. Alikuwa amekwisha kupapenda. Ilibidi nimwonyeshe mavi mabichi ya kiboko katikati ya maegesho ndipo akakubali tuendelee.

Yadi ya pili ilikuwa ng'ambo ya barabara, juu mlimani, kwa mama mmoja mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Alikuwa na banda la nyasi kavu lenye paa zima, geti la chuma, na mbwa watatu waliotuchukia kwa dhati. Niliuliza maswali yangu yote. Paa linavuja? Panya wako? Funguo anakaa nazo nani? Jumapili tutampata? Alinijibu moja moja huku akikamua, bila kugeuza kichwa. Sikupata kasoro, na jambo hilo lilinikera kidogo.

Kasoro aliipata baba. "Ziwa halionekani kutoka hapa."

"Boti inahitaji kuliona?" niliuliza.

"Mimi ndiye nahitaji. Nikija hapa nikute nyasi na ng'ombe, si nimerudi tu Njoro?"

"Mzee," yule mama alisema, bado anakamua, "ziwa ukilingoja litakuja lenyewe."

Baba alicheka lakini hakukubali. Tulirudi nyumbani bila pa kulaza chochote. Alisema atafikiria. Wiki ile akafikiria, na iliyofuata pia, huku mahindi yakikauka shambani na mama akitajataja Bahati wakati wa kula.

Kisha mvua ikanyesha. Mfereji wetu ulikuwa mkavu siku nyingi na mapipa yamekwisha. Mimi na baba tulikuwa mjini. Tuliporudi tulimkuta mama ameelekeza gata la maji ya paa ndani ya boti. Boti ilikuwa imejaa karibu hadi kwenye viti, matairi ya trela yamelala, na yeye alikuwa anachota kwa ndoo, anafua, huku akiimba pambio.

"Umeziba na nini?" baba aliuliza.

"Na gunzi."

Kweli, kwenye tundu la kizibo kulikuwa na gunzi la mahindi limefungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, jinsi tunavyoziba mitungi.

Nilidhani atalia. Badala yake alichutama, akapitisha kiganja chini ya boti polepole, toka nyuma hadi mbele, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

"Haivuji," alisema.

"Haivuji," mama alikubali. "Ndiyo maana haiendi mahali."

"Na mahindi?"

"Mahindi nitaanika kwa jirani. Mtu wa Bahati nimemwambia asije."

Bata walikuwa wameshindwa, lakini ziwa nalo lilikuwa limeshindwa pamoja nao. Baba alikaa sana kwenye ngazi ya mlango. Halafu akampigia simu yule mama wa ng'ombe, akamwambia banda linafaa jinsi lilivyo. Siku ya soko pikapu yetu ilileta tangi jeusi la plastiki. Mama alilikagua, akalipiga konde, akalijaza, akangoja hadi jioni kuona kama litatoa jasho. Ndipo akachomoa gunzi lake, maji yakatoka yakalowesha ua mzima, na boti ikaondoka.

Mara ya kwanza kuishusha ziwani, mama alikuja nasi. Alisema anataka kushuhudia. Tuliivuta kutoka bandani, tukavuka barabara, tukairudisha nyuma taratibu hadi matairi yakagusa maji. Hapo baba akaanza kujipapasa mifuko. Alikuwa amevaa koti la kazi. La kanisani lilikuwa Kiamunyi, msumarini.

Baba aliangalia ziwa jinsi mtu anavyoangalia basi likiondoka.

Mama alipanda kwenye boti, akapekua chini ya kiti, akatoa gunzi. Alilifunga nailoni upya, akashuka, akaligongomea ndani kwa kisigino cha kiatu chake.

"Mama," nilisema, "hiyo itashika?"

"Ilishika maji yakiwa ndani. Sasa yatakuwa nje. Maji yanajua tofauti?"

Ningeweza kubishana. Nilisoma fizikia hadi mwaka wa pili. Lakini baba alikuwa ameshatupita sote, maji yamemfika magotini, anaisukuma boti yake huku anacheka peke yake. Nilivaa jaketi la kuokolea maisha, nikaingia, nikaomba tusiende mbali na ufuko. Nilikaa nyuma kabisa, kisigino changu juu ya lile gunzi, safari yote.