Siku Diwani Ariyawansa Aliposhinda

Mume wangu Ariyawansa amekuwa diwani wa upinzani kwa miaka ishirini na saba, na nawaambia kabla hamjaniuliza: simwonei haya. Asubuhi humenya mdalasini bandani, alasiri huvaa saruni nyeupe akaenda halmashauri kubishana. Mwaka ule chama chetu kiliposhinda nchi nzima, hapa kwetu Kurundugoda peke yake palikipiga chini, naye akabaki upinzani palepale. Watu walicheka. Mimi nilikuwa wa kwanza kucheka.

Alichokitaka ni kitu kimoja tu: daraja. Sisi wamenya mdalasini tuko upande huu wa mto. Shule, zahanati na barabara viko ng'ambo. Mvua za Mei zikianza, mto hauvukiki; basi, kaeni kwenu. Mwanangu wa kwanza, Inoka, nilimzaa bandani juu ya magunia, mkunga kasimama ng'ambo na mwavuli wake, ananipigia kelele nisukume. Kusukuma nilikujua bila yeye! Siku ile Ariya, ambaye siasa alikuwa hazijui hata kwa dawa, aliapa kuingia halmashauri.

Akaingia, akapeleka hoja ya daraja mara kumi na moja. Mara kumi na moja chama tawala kikaitupa. Hoja ya nani? Ya Ariya. Haya, tupa.

Mwenyekiti wa sasa ni Sunimal, kijana wa miaka arobaini mwenye duka la mbolea. Uchaguzi ulipobakiza miezi mitano, akakumbuka kwamba wamenya mdalasini nao wana kura. Akaitoa hoja ya mume wangu kabatini, akafuta jina la Ariya, akaandika lake. Hakumwambia mtu.

Siku ya kikao nilikuwa nimempelekea Ariya wali na samaki, nikakaa kwenye benchi la wananchi nimsubiri. Kule hoja husomwa kwa namba tu, maana kila diwani anayo karatasi yake. Madiwani watatu wa chama tawala walikuwa wamekwenda harusini. Ariya miwani puani, bado anachambua hesabu za taka.

"Hoja ya tisa," akasema Sunimal. "Wanaounga mkono?"

Mikono sita, yote ya kwao.

"Wanaopinga?"

Mkono wa Ariya ukapanda wenyewe, kama ulivyopanda miaka yote, wala hakuinua macho. Wenzake sita wakamfuata kiongozi wao. Saba kwa sita! Upinzani ulikuwa haujapata kushinda kura hata moja, ya choo wala ya taa. Walipiga meza, wakakumbatiana, wakampigapiga Ariya mgongoni mpaka miwani ikamtoka. Akaiokota, akaivaa, akaisoma hoja ya tisa.

Ule uso sitausahau. Daraja lake, na kaliua kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa kanuni zao hoja ikianguka hairudi mpaka miezi sita ipite, isipokuwa mwenyekiti mwenyewe airudishe. Na baada ya uchaguzi nani angetukumbuka? Nyumbani nilimwita majina ambayo siyarudii hapa.

Kulipokucha nikamkuta uani anachuma tambuu, jani moja moja, anazipanga vizuri fungu zima. Nikajua anakokwenda, damu ikanichemka. Kwetu mdogo ndiye humpelekea mkubwa tambuu kwa mikono miwili, akainama akaomba radhi. Mkubwa kumwinamia mdogo sijaona tangu nizaliwe.

"Utamwinamia Sunimal? Mtoto uliyemwona anatambaa?"

"Aliyekosa ni mimi, mama Inoka," akasema. "Mwenye kosa hana ukubwa."

Nikamfuata, hasira zangu na mimi.

Sunimal alikuwa barazani kwake na wateja wa mbolea kama kumi hivi. Ariya akavua viatu, akapanda, akanyoosha zile tambuu kwa mikono yote miwili. "Mheshimiwa, daraja nimeliua mimi. Nakuomba ulirudishe." Akaanza kukunja magoti, na magoti yenyewe yalivyo mabovu.

Mama yake Sunimal akachungulia kutoka jikoni, akasema taratibu, "Ukimwacha mzee huyu ainame, leo hapa huli."

Lakini Sunimal alikuwa ameshamdaka mabega. Akazipokea tambuu, kisha akashuka yeye, akagusa miguu ya mume wangu, kama mdogo anavyomheshimu mkubwa, mbele ya wateja wake wote.

"Kaka, nilidhani umenikomoa makusudi."

"Makusudi? Tangu jana mke wangu hajanipa hata chai."

Sunimal akacheka mpaka akajifuta machozi. Mama yake akatuletea chai na sukari guru, na mimi nikanywa, kwa nini nisinywe?

Kikao kilichofuata hoja ikarudi. Wanaounga mkono walipoulizwa, mikono yote ilipanda. Wanaopinga walipoulizwa nikamtazama Ariya: alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia, ameubana kwenye kiti kwa uzito wake wote. Nililia pale kwenye benchi, sikujali nani ananiona.

Daraja liliisha kabla ya mvua. Jiwe la ufunguzi limeandikwa jina la Sunimal kwa herufi za dhahabu, la Ariya halipo hata kwa udogo. Nikamwambia, miaka ishirini na saba, na sifa kachukua mwingine, wewe huumii?

"Naumia kidogo," akasema. "Lakini watoto watavuka kwa miguu, hawatavuka kwa jina."

Basi nikavuka, nikarudi, nikavuka tena, na miguu yangu mikavu.