Ng'ombe wa Nane

Baba mkwe wangu hakuwahi kumwita yule farasi farasi. Alimwita Ng'ombe wa Nane, na alilitamka jina hilo kama anayetema mbegu ya ndimu. Binti yake wa mwisho alipoolewa, wakwe walileta ng'ombe saba na, badala ya wa nane, farasi jike mmoja, mwekundu, mwenye miguu myembamba na masikio yasiyotulia. Wakaeleza kwa maneno matamu kwamba damu yake ni ya Kiarabu, kwamba wazazi wa wazazi wake waliletwa na mwenye shamba mmoja zamani huko Masisi, na kwamba mnyama wa namna hiyo ni heshima kubwa kuliko ng'ombe. Muzee alikubali, kwa sababu kukataa mbele ya wageni ni aibu. Walipotoka tu getini alisema:

"Heshima haitoe maziwa."

Tulikuwa tunaishi wote katika parsele moja, kiwanja chenye ukuta na geti, upande wa Mugunga: muzee na mama mkwe nyumba ya mbele, mimi na mume wangu nyumba ya nyuma, na farasi kati yetu, kwenye banda la mbao. Ng'ombe wenyewe walilisha mbele zaidi, kwenye njia ya Sake, mahali penye majani. Muzee alikuwa mfugaji tangu utoto wake milimani Masisi, na kwake siku asiyoona ng'ombe wake ni siku iliyoharibika. Lakini magoti yake yalikuwa yameshakataa kutembea juu ya mawe ya volkano, na pikipiki hakutaka hata kuisikia. Kwa hiyo alimhitaji yule farasi, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Huko Masisi alikuwa na farasi mwingine, dume mzee, mnene, ambaye kwa maelezo yake ungeweza kulala mgongoni mwake na kuamka umefika. Huyu wa sasa hakuruhusu mtu alale. Muzee alikuwa anapanda, anatulia, anaibana fimbo yake ya uchungaji kwapani kama alivyofanya maisha yake yote. Ng'ombe wa Nane anapiga hatua tatu, anageuza sikio moja nyuma, kisha anatoka mbio kama aliyeitwa na mtu ng'ambo ya ukuta. Mara nyingi muzee alimkumbatia shingo mpaka getini, na hivyo hivyo mpaka kwa ng'ombe. Mara nyingine aliteleza taratibu, na heshima zake zote, akatua kwenye lundo la samadi. Hakuumia hata siku moja. Alisimama, akapangusa koti, akaokota fimbo, akaanza kutafuta mtu wa kulaumu.

"Hii nyama iko na wazimu," alisema, akimnyooshea farasi kidole.

Na mimi nilikuwa jikoni, nimeziba mdomo kwa kitenge, nakufa kwa kicheko.

Sitajisafisha: nilifurahi. Kwenye kikao cha ndoa yetu, mbele ya wazazi wangu, mtu huyu alikuwa amesema kwamba wasichana wa Bukavu wana maneno mengi kuliko kazi. Isitoshe, kwa desturi yao baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani hivi hivi. Nikiwa nimesimama mbele yake na jagi mkononi, alimgeukia mume wangu: "Ambia bibi yako alete maji." Nami nilimjibu mume wangu kwamba maji ndiyo haya. Maskini mume wangu alikuwa mkalimani wa watu wawili wanaosema lugha moja.

Juu ya yule farasi watu walikuwa wamegawanyika. Wafugaji wenzake muzee, wazee wa kutoka milimani, walipokuja kumsalimu walikaa kwenye viti vya plastiki wakabishana mpaka chai ikapoa. Mmoja alishikilia kwamba farasi wa damu ile hafai kitu, anakimbia mfuko wa nailoni lakini lori anaona kama rafiki yake. Mwingine alisema ukishampanda huyo, farasi wengine wote waliobaki duniani ni kukalia gunia la makaa. Hawakuwahi kuafikiana, na sukari yangu ndiyo iliyokwisha.

Nimelifikiria sana jambo hilo, nikaona wote walisema kweli. Wanaomchukia ni wale wanaotaka farasi angoje amri. Huyu hangoji. Ukiwaza kukata kushoto, ameshakata. Ukikaza goti bila kukusudia, amekuelewa vibaya na ameshafika. Ukipandwa na hasira, imempanda na yeye, tena yake ina miguu minne. Mtu aliyezoea kufokea wanyama, au watu, anapanda hapo na kujisikia ametukanwa. Wanaompenda, nao, ni watu ambao hawajawahi kusikilizwa upesi namna hiyo na kiumbe chochote. Mimi nilikuwa katika kundi hilo.

Ndiyo, nilikuwa nampanda. Nimetoka katika familia ya makarani, na mnyama mkubwa tuliyewahi kufuga ni paka. Lakini sisi ni Wakatoliki, na misa ya kwanza huisha asubuhi mapema. Wakwe zangu ni watu wa kanisa lingine, ambako mahubiri yakiisha zinaimba kwaya, kwaya zikiisha yanasomwa matangazo, na matangazo yenyewe ni mahubiri mengine. Mume wangu alilazimika kuwasindikiza, na walirudi mchana wamechoka. Kwa hiyo kila Jumapili nilibaki na parsele nzima, geti lililofungwa, na farasi.

Nilianza kwa kumpelekea maganda ya viazi. Baadaye nikawa namsugua mgongo. Siku moja nikavaa suruali ya mume wangu, nikapanda juu ya ukuta mfupi wa mawe, nikajiachia mgongoni mwake bila tandiko, moyo wangu ukisali kuliko ulivyosali kanisani. Alisimama tu. Nikavuta pumzi, naye akaanza kutembea. Kufikia Pasaka tulikuwa tunakimbia polepole kuzunguka nyumba zote mbili, mimi nacheka peke yangu kama mwehu, na hakuwa ameniangusha hata mara moja.

Aliniangusha Jumapili iliyofuata Pasaka. Nilikuwa nakula muwa, na nilipotaka kumshika nywele za shingo kwa mikono yote miwili, nikaubana muwa kwapani. Hatua tatu, sikio nyuma, na mimi huyo kwenye samadi. Nilipofumbua macho nilimkuta amesimama kando yangu anautafuna ule muwa bila wasiwasi wowote.

Nikaanza kufikiri. Nilichukua kipande kilichobaki, nikapanda tena, nikakishika mbele yake: hakujali. Nikakibana kwapani, ncha ikatokeza nyuma juu ya kiuno chake: akaruka, ila safari hii nilikuwa nimejishikilia. Farasi anaona karibu pande zote, hata nyuma yake. Alichokiona pembeni mwa jicho ni kitu kirefu kinachomfuata, na kadiri alivyokimbia ndivyo kilivyozidi kumfuata. Wazimu wote wa Ng'ombe wa Nane ulikuwa fimbo ya muzee.

Mtu mwingine angeiweka chini siku ya kwanza. Lakini mfugaji wa Masisi bila fimbo ni mtu aliyetoka nje bila nguo. Muzee alikwenda nayo kanisani, chooni na kwa daktari. Yule dume wa zamani alikuwa amezaliwa katikati ya fimbo na hakuzitazama. Basi haikumpitia muzee akilini kuishuku, kama vile asivyoweza kuushuku mkono wake mwenyewe.

Nikanyamaza. Mke wa mtoto hamfundishi baba mkwe kazi aliyoianza kabla yeye hajazaliwa, hiyo ilikuwa sababu nzuri, na niliipenda sana. Tena wangeniuliza nimejuaje, na Jumapili zangu zingeishia hapo. Lakini nikisema kweli, lile neno la kikao lilikuwa bado linanichoma rohoni, na kila muzee alipotua kwenye samadi lilipoa kidogo. Alitua mara tano zaidi.

Mara ya tano hakumlaumu mtu. Aliingia ndani akafunga mlango, na wiki nzima hakwenda kuona ng'ombe wake. Kisha akatangaza, kupitia mume wangu, kwamba amepata mtu wa Kibumba, mkulima wa viazi. Angeleta mtamba mmoja na kumchukua farasi, ambebee magunia kutoka shambani mpaka kwenye barabara ya Rutshuru. Angekuja Jumamosi.

Kicheko kikanikauka. Niliuwaza ule mgongo chini ya viazi, na fimbo nyuma yake kutwa nzima, machozi yakanitoka juu ya sufuria ya sombe. Jioni ile nilimwambia mume wangu kila kitu. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka.

"Mimi sitamuambia," alisema. "Ataniuliza nani alinifundisha ile, na mimi sijue kudanganya muzee. Wewe mwenyewe utafute njia."

Jumamosi mtu wa Kibumba alifika na mtamba amefungwa nyuma kwenye kamioneti ya mizigo. Alikuwa mtu mpole, mnene kiasi, mwenye kofia ya sufu. Alimpanda farasi mikono mitupu, na Ng'ombe wa Nane, msaliti yule, akaenda kwa madaha kama bibi harusi. Mzunguko wa kwanza, mzunguko wa pili. Muzee alikodoa macho.

"Lakini iko muzuri!" mgeni alipaza sauti. "Muzee, si uliniambia iko mukali?"

Dereva akaanza kumfungua mtamba kamba. Hapo akili yangu ikawahi kabla ya adabu yangu. Nilimsogelea mume wangu nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani:

"Ambia papa, mugeni anapanda mikono mitupu sawa mutoto. Hatumupatie hata fimbo?"

Hakuna mfugaji anayeweza kusikia maneno kama hayo akatulia. Muzee aliona haya, akaenda haraka kwa mgeni, akampa fimbo yake mwenyewe kwa mikono miwili. Mgeni akashukuru, akaibana kwapani. Hatua tatu, sikio nyuma. Ninaapa kofia ya sufu ilibaki hewani kidogo baada ya mwenye kofia kuondoka.

"Hapana," alisema mtu wa Kibumba kutoka ndani ya samadi, akitema majani. "Hapana, hapana." Mtamba akafungwa tena. Mama mkwe akamletea mgeni maji ya kunawa, akimpa pole nyingi.

Muzee hakumtazama mgeni. Alimtazama farasi, aliyekuwa amesimama kando ya ukuta, ametulia kabisa. Huyu ni mtu ambaye akimwona ng'ombe akitembea tu anajua kama ana mimba. Aliokota fimbo, akamsogelea, akaipitisha polepole nyuma ya kiuno chake. Sikio likageuka, ngozi ikatetemeka. Akaiondoa: kimya. Akaipitisha tena. Kisha akanigeukia, mimi, si mume wangu.

"Ulijua."

"Ndiyo, papa."

"Tangu wakati gani?"

"Kisha Pasaka."

Akahesabu moyoni, midomo ikicheza. "Tangu Pasaka nilianguka mara ine."

"Tano, papa," nilisema, mdomo wangu haujui kungoja.

Mume wangu akaanza kuchunguza mawingu. Nilingoja nifokewe, na ningestahili. Badala yake muzee aliiegemeza fimbo ukutani, akarudi kwa farasi, akasimama mbele yake mikono imening'inia, hajui aiweke wapi. Hapo niliona jambo ambalo dirisha la jikoni halikunionyesha. Alikuwa anaogopa. Tena hakuanza kuogopa siku ile. Kila mara alipopanda alipanda na hofu yake, mzee mzima, kwa sababu bila ule mgongo asingefika kwa ng'ombe wake. Na mimi nilikuwa na dawa mdomoni, nikakaa nacheka. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto.

"Shika kamba," aliniambia.

Nikashika. Alipanda kutoka kwenye ukuta mfupi, akavuta pumzi kama anayeingia ziwani. Tukaanza kuzunguka parsele, farasi kwa hatua za polepole, mgeni wa Kibumba na mama mkwe wakitutazama.

"Usikaze goti, papa. Pumua."

Akapumua. Mabega yake yakashuka, na chini yake yule mnyama akashusha kichwa, akalegea naye. Mzunguko wa pili muzee aligusa shingo yake kwa vidole, kwa mara ya kwanza bila kumkumbatia. Wa tatu tulipofika getini akasema nifungue. Nikafungua.

"Sasa achilia kamba."

Sikuachilia. Mimi niliyehesabu kila alipoanguka, vidole vyangu vilikataa kabisa kufunguka.

"Nasema achilia."

"Utaanguka, papa."

"Si nilishaanguka mara tano?" alisema, akitazama mbele. "Njia ya kufika chini ninaijua."

Nikaachilia. Lakini nilitembea ubavuni mwake njia nzima ya Sake mpaka kwa ng'ombe, na mikono nimeinyoosha chini ya goti lake, tayari kumdaka.